Shukrani za Watu Kumi na Tisa

Mimi ni mtu wa nyumbani. Siyo kwa uvivu, ingawa ndugu zangu wana maoni yao. Naweza kukaa nyumbani kwetu Mlandege wiki mbili sijafika sokoni, na sioni nilichokosa. Iringa ni mji wa kupanda na kushuka. Mtu mwenye akili akishafika kwake anatulia. Kwa hiyo mdogo wangu aliponiletea kazi ya kufanyia sebuleni, nilikubali kabla hajamaliza kueleza.

Yeye ni mwalimu wa sekondari, na wakati huo alikuwa likizo ya masomo, anasomea shahada ya pili ya mambo ya kompyuta kwenye chuo kimoja Mbeya. Alikuwa anatengeneza programu ya simu ambayo mkulima wa mpunga anaiuliza swali kwa mdomo, nayo inamjibu. Ugumu ulikuwa kwenye kusikia. Programu zilizopo zinaelewa Kiswahili cha mtangazaji wa redio. Mkulima wa Ubaruku, kule kwenye mpunga alikofanyia utafiti, Kiswahili chake kina Kisangu ndani, mfugaji aliyehamia kule na ng'ombe wake kutoka kaskazini chake kina Kisukuma, na wote wanaongea huku mashine ya kukoboa inaunguruma nyuma yao. Mdogo wangu akawarekodi. Mimi nikakaa sebuleni miezi mitatu, visikilizio masikioni, naandika neno kwa neno walichosema. Elimu yangu ni kidato cha nne, na cheti chenyewe tusikizungumze. Lakini masikio ninayo, bibi yetu alikuwa Msangu, na Kisukuma kikinishinda nilikuwa namwita jirani dirishani, mama mmoja mzaliwa wa Shinyanga. Alikuwa anacheka kwanza, halafu ndiyo anatafsiri.

Chuo kilikuwa na sharti moja: bila makala iliyokubaliwa na kongamano la kitaaluma, mwanafunzi hatetei tasnifu yake. Na likizo ya mdogo wangu ilikuwa inaisha mwaka uleule. Asipotetea, anarudi kufundisha kidato cha pili bila shahada, na miaka miwili imekwenda na upepo. Kongamano la teknolojia lililokuwa linapokea makala kwa wakati ule lilikuwa moja tu. Tulilijua hilo wote, hata mama, ambaye mpaka leo anaamini kongamano ni aina ya mkutano wa injili.

Mwisho wa kupokea makala waliuweka kwa saa za mahali ambako siku huisha mwisho kabisa duniani, huko katikati ya bahari. Kwao ni usiku wa manane, kwetu ni siku inayofuata, saa tisa kasoro dakika moja mchana. Mdogo wangu alinichorea kwenye karatasi, nikaelewa, nikaibandika ukutani.

Wiki ya mwisho alikuja kuandikia kwetu. Makala ilikuwa imekamilika isipokuwa jedwali la tatu, lile la majaribio ya mwisho, kwa sababu watu wa Ubaruku walikuwa kwenye mavuno na hakuna aliyekuwa na muda wa kuongea na simu ya mtu. Walipopata nafasi, ilikuwa imebaki siku moja. Akaenda. Laptopu akaniachia, kwa kuwa kule mtandao unashika sehemu moja tu, kwenye ngazi za mashine ya kukobolea mpunga. Mpango ulikuwa rahisi: atafanya majaribio asubuhi, atanisomea namba kumi na mbili kwa simu, mimi nitazijaza, nitaigeuza makala kuwa ile ya kusoma tu, nitaipakia. Paswedi yake, ileile ya barua pepe na ya kongamano, niliiandika kiganjani.

Saa saba na nusu akapiga. Akanisomea namba kumi na mbili, nikazirudia, akasema sawa, mtandao ukakata. Nikajaza jedwali. Mama alikuwa ameketi pembeni ya jiko la mkaa anamenya viazi. Ilikuwa Juni, na baridi ya Juni Iringa haitaki mchezo.

Ndipo nikafika ukurasa wa mwisho. Palikuwa na kichwa cha habari: Shukrani. Chini yake, patupu.

Naomba nieleweke. Huku kwetu, shughuli iwe ya msiba au ya harusi, mtu anayesimama kutoa shukrani huandaliwa kuliko hata mpishi. Akiruka jina moja, ukoo mzima umemaliza shughuli na kuanza ugomvi. Kuna shangazi yetu mmoja hajakanyaga kwetu tangu harusi ya kaka, kwa sababu alileta debe la mahindi na halikutajwa. Sasa mdogo wangu amelala kwenye nyumba za watu, amekula wali wa watu, amechukua hadi sauti za watu, halafu anaacha patupu? Nikasema, maskini, haraka zimempitisha.

"Mama," nikasema, "huyu mwanao amesahau shukrani."

Mama akaweka kisu chini.

Tukaanza. Msimamizi wake wa chuo awe wa kwanza, asije akanuna. Mwenyekiti wa kikundi cha wakulima. Mwenye mashine ya kukoboa, kwa ajili ya zile ngazi. Kiingereza changu cha kidato cha nne kina neno moja la kushukuru, nikalitumia kila mstari.

"Umemtaja yule mama aliyempa kitanda Ubaruku?"

"Nimemtaja."

"Na mumewe?"

"Mumewe alifanya nini, mama?"

"Alikubali."

Nikamwandika mumewe.

"Na wewe je?"

"Nimejiweka mwisho."

"Wa mwisho haonekani. Panda juu kidogo."

Nikapanda hadi wa tano. Mama nikamweka wa nne, akatikisa kichwa kwa unyenyekevu, lakini hakuniambia nimtoe. Jumla wakawa watu kumi na tisa, majina mawili mawili, na walikotoka. Saa nane na dakika kumi nikapakia. Yakatokea maandishi ya kijani kwamba makala imepokelewa. Nikajimiminia chai, nikajiona msomi.

Saa nane na nusu simu ikaita. Mngurumo wa mashine ukanijulisha yuko kwenye ngazi.

"Dada, imeingia?"

"Imeingia zamani. Niko kwenye chai."

"Namba zote?"

"Zote kumi na mbili. Nimezihakiki mara mbili."

"Mungu akubariki. Sikulala. Na umeona majina yetu nimeyaondoa kote, eh? Nilisahau kukwambia. Wanaohakiki hawatakiwi kumjua aliyeandika, wala chuo chake, wala msimamizi. Likionekana jina moja tu hawasomi. Wanatupa."

Chai ikapita njia isiyo yake. Nilikohoa mpaka mama akanipiga mgongoni.

"Jina moja?" nikauliza.

"Hata moja."

"Na yakiwa kumi na tisa?"

Nikasikia mashine inakoboa. Ikakoboa kwa muda mrefu.

"Dada. Umefanya nini?"

"Nimeshukuru."

"Umemshukuru nani?"

"Watu."

"Watu gani, dada?"

"Wote. Mama alinisaidia."

"Mwambie hata yule mume wa mama wa kitanda yumo!" mama akapaza sauti kutoka kwenye viazi.

Mdogo wangu hakupiga kelele. Angepiga ningejitetea. Alisema polepole, kama anavyofundisha wanafunzi wagumu. "Sikiliza. Futa ukurasa huo wote. Tengeneza upya, pakia upya. Wanaruhusu kubadilisha mpaka muda uishe. Una nusu saa. Ukishapakia, fungua uangalie kwa macho yako kwamba hakuna hata—" Mtandao ukakata.

Nikakimbilia laptopu. Mama akanifuata na kisu mkononi.

"Ukiwafuta, watajua?"

"Hawajui hata kama waliandikwa, mama."

"Lakini sisi tunajua."

Nikavuta kiti. Nikaanza kufuta. Nilifuta mmoja mmoja badala ya wote kwa pamoja, sijui kwa nini, labda kwa adabu. Nilikuwa nimefika kwa mwenyekiti wa kikundi umeme ulipokatika.

Laptopu ya mdogo wangu betri yake ilikufa siku nyingi. Inaishi kwa waya. Kioo kikawa cheusi, nikajiona humo nimefungua mdomo. Nikasubiri dakika tatu, kwa imani tu. Taa za jirani nazo hazikuwaka. Mtaa mzima kimya, isipokuwa mlio wa jenereta upande wa pili wa barabara, chini ya mteremko, kwenye duka la stesheneri.

Mtu wa nyumbani akitoka, hutoka alivyo. Nilikuwa na masweta mawili, kitenge, kandambili moja ya mama na moja yangu. Laptopu nikaifunga kwenye khanga kama mtoto mchanga, nikashuka ule mteremko. Mama alikuwa mlangoni anasema kitu. Sikusimama kusikiliza.

Mwenye stesheneri, baba mmoja wa makamo mwenye miwani ya kamba, aliponiona aliacha kukata karatasi.

"Heh! Nani kafa?"

"Hajafa mtu."

"Wewe kutoka nyumbani mchana hivi? Sema ukweli, tujipange na mchango."

"Naomba kompyuta. Sasa hivi."

Kompyuta ilikuwa moja, na mbele yake ameketi mwanamume anayechapa barua ya kuomba kazi kwa kidole kimoja. Nyuma yake mama mmoja mtu mzima amesimama na cheti cha kutolea nakala. Yule mama akanitazama.

"Kamwene," akanisalimu kwa Kihehe.

"Kamwene."

"Mama yako hajambo?"

"Hajambo, mama."

"Na baridi hii miguu yake?"

"Inavumilika, mama."

"Na yule mdogo wako wa Mbeya?"

Iringa unaweza kumpita mtu kwenye foleni. Salamu huwezi kuipita. Nilijibu zote hadi ya mwisho, huku jicho moja liko kwenye saa ya ukutani: saa tisa kasoro robo. Nilipomaliza, sauti yangu ilikuwa inatetemeka. Yule mama akamgeukia mwanamume wa barua.

"Mpishe huyu. Huoni anatetemeka?"

"Ni baridi hiyo, mama. Nami barua yangu ni ya leo."

"Hiyo si baridi. Mpishe."

Akanipisha. "Dakika kumi, dada'angu. Nami nina maisha."

Nikaifungua khanga, nikaiweka laptopu mezani. Mwenye duka akavuta soketi ya jenereta.

"Waya uko wapi?"

Waya ulikuwa juu, nyumbani kwetu, umechomekwa ukutani kwenye umeme ambao haupo. Macho yangu yakaenda mlangoni. Alisoma usoni.

"Umeleta ng'ombe bila kamba," akasema, lakini kwa huruma, akaanza kufungua droo. Alijaribu nyaya tatu za kwake. Ya kwanza ncha nene, ya pili nyembamba, ya tatu ilikuwa ya redio. Kwenda nyumbani na kurudi, kwa mteremko ule na kwa umbo langu, ni dakika kumi na tano. Zilikuwa zimebaki kumi na moja.

Nikageukia kompyuta ya duka. Nilikumbuka kwamba asubuhi ile, kabla ya majaribio, mdogo wangu aliniagiza nimtumie msimamizi wake nakala kutoka barua pepe yake, nami nikatuma. Hiyo ilikuwa kabla sijashukuru mtu. Kiganjani paswedi ilikuwa imeanza kufutika kwa maji ya vyombo; herufi moja nikaikisia, ikakataa. Nikakisia nyingine. Ikafunguka. Nakala ilikuwepo. Nikashuka nayo ukurasa kwa ukurasa: hakuna jina la mtu, hakuna jina la chuo, Shukrani patupu. Nikapumua.

Halafu nikakumbuka jedwali la tatu.

Nakala ilitumwa asubuhi, na namba zilikuja saa saba na nusu. Nikarudi juu. Lilikuwepo, mistari yake imenyooka vizuri, vyumba kumi na viwili, vyote vitupu. Nayo ilikuwa ile ya kusoma tu, isiyokubali kuandikwa. Namba nilikuwa nazo kichwani, zingine hata nakumbuka mpaka leo, lakini hapakuwa na mahali pa kuziweka.

Nikapiga simu Ubaruku. Haipatikani. Nikapiga tena. Yule dada wa mtandao akaniambia kwa Kiswahili kisha kwa Kiingereza, kana kwamba tatizo langu ni lugha.

Kwa hiyo nikaketi pale na makala mbili. Moja ilikuwa imeshaingia, kamili, namba zote zipo, na majina kumi na tisa ya kuifanya itupwe. Nyingine ilikuwa safi kama sheria inavyotaka, na tundu katikati, mahali penyewe ambapo mtu angetazama kujua kama programu inafanya kazi. Zimebaki dakika sita. Mtu wa kuamua ni mimi, ambaye uamuzi wangu mkubwa mwaka ule ulikuwa kubadilisha pazia.

"Kuna nini?" mwenye duka akauliza.

"Ungekuwa wewe," nikasema, "ungeenda kwenye usaili bila viatu au na cheti chenye kasoro?"

Akafikiri kweli. "Sharti linasemaje?"

"Mwenye cheti chenye kasoro hata mlangoni haingii."

"Basi uingie bila viatu. Ukishakuwa ndani wataongea na wewe."

Sijui kama alijua anaamua nini. Lakini nilikuwa nimeshafikia hapo mwenyewe, nilitaka tu sauti ya pili. Nikapakia ile safi juu ya ile yenye majina. Kile kiduara kikazunguka. Yule mama wa cheti alisogea akasimama nyuma yangu, mwanamume wa barua naye, tukawa wanne tunatazama kiduara kama watu wanaotazama penati. Saa tisa kasoro dakika tatu. Kasoro mbili. Maandishi ya kijani yakatokea. Nikaifungua kuhakikisha, ukurasa wa mwisho, patupu. Nikarudi kwenye jedwali, nalo patupu.

Mdogo wangu alinipata nikiwa napanda mteremko.

"Umetoa majina?"

"Nimetoa."

"Yote?"

"Yote."

"Ah, dada! Basi tumepona."

"Jedwali nalo limetoka," nikasema.

Nikamweleza: umeme, waya, nakala ya asubuhi. Mwishoni akasema, "Sawa." Hiyo "sawa" ningeibadilisha na matusi ya wiki nzima.

Aliwaandikia waandaaji kuomba wapokee jedwali. Wakajibu kwa upole, mistari miwili: muda ukishafungwa hakuna kinachoongezwa. Kutoka Ubaruku hakurudi kwetu. Alikwenda moja kwa moja Mbeya. Laptopu niliituma kwa basi, na safari hii waya nikauweka kwanza.

Wiki zilizofuata tulikuwa tunaongea kwa simu kuhusu miguu ya mama. Kuhusu makala, hapana. Nilijua siku ya majibu kwa sababu niliiona kwenye karatasi yake ukutani. Ilipobaki siku moja, nilimwambia mama naenda Mbeya. Mama akaniuliza mara mbili kama naumwa.

Chumba cha mdogo wangu kiko Mbeya upande wa mlimani, ukungu unakaa dirishani mpaka saa nne. Alifungua mlango, akanitazama, akatazama mfuko wangu wa viazi.

"Umetoka nyumbani," akasema.

"Usizoee."

Majibu yalikuja asubuhi, uji ukiwa bado wa moto. Alisoma kwa sauti, anatafsiri njiani, kwa ajili yangu au kwa ajili ya kujipunguzia kasi. Wahakiki walikuwa watatu. Wa kwanza aliuliza jedwali la tatu limekwenda wapi, na akasema mwandishi asiyejaza majedwali yake hana heshima kwa anayemsoma. Nikatazama uji. Wa pili alisema ile sehemu inayoeleza jinsi maneno ya wakulima yalivyosikilizwa na kuandikwa, Kisangu na Kisukuma vikiachwa mahali pake, hajapata kuona iliyofanywa kwa uangalifu namna ile. Nikauacha uji. Wa tatu alisema kidogo tu, kwamba wazo ni zuri.

Uamuzi: imekubaliwa, lakini kama makala fupi. Kutoka kurasa nane ziwe nne, na jedwali la tatu lijazwe. Isipotumwa hivyo ndani ya siku kumi, inaondolewa.

Akampigia msimamizi wake palepale. Nilisikia sauti ya yule baba kwenye simu: "Nne ni makala. Fupi ni makala. Kata, utume, kabla hawajabadili mawazo."

Akafungua laptopu. Nilitambua anachofanya: anapunguza mstari hapa, mstari pale, anazunguka. Kurasa nne hazipatikani kwa kupunguza mistari. Kuna sehemu moja ilikuwa na kurasa nne peke yake, nayo alikuwa anaipita bila kuigusa, kama mtu anayepita nyumba yenye msiba.

"Kata hapa," nikasema.

"Hapa ndipo alipopasifu wa pili."

"Ndiyo, ameshapasoma."

"Dada, miezi mitatu."

"Najua ni mingapi. Nilikuwa nimekaa. Kwani hizo hesabu zako tunaweza kukata? Nani anazielewa?"

"Wao."

"Haya. Basi kata hapa. Jedwali lako linataka nafasi, na nafasi niliichezea mimi."

Alichagua zile kurasa nne, zikawa za buluu. Kidole kikasimama hewani. Nikataka kumwambia asubiri, nikanywa uji. Akabonyeza. Akabakiza aya moja, na nilihesabu mistari yake: saba. Halafu akajaza jedwali, namba moja baada ya nyingine, na kila akitaka kutazama daftari mimi nilikuwa nimeshaitaja.

"Sogea," akasema ilipofika wakati wa kupakia. "Kaa kule kitandani. Mikono niione."

Nikahamia kitandani, mikono juu ya magoti. Sikuona kioo, niliona mgongo wake tu, na mabega yaliyoshuka ghafla. Akainuka, akaenda dirishani ambako ukungu ulikuwa unaanza kuachia, akampigia tena msimamizi, sasa kuomba tarehe ya kutetea.

"Yoyote," nilimsikia akisema. "Hata ya kesho."